Ngome Zisizo Mawe: Vituo vya Ulinzi wa Anga Vilivyotoweka katika Afrika ya Mashariki

Nchi ya Tarime, katika Mkoa wa Mara, ni nchi ya mpaka. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana Afrika ya Mashariki, walipiga mstari kutoka Ziwa Viktoria kwenda pwani, wakaupinda mahali pamoja tu, penye Mlima Kilimanjaro. Mstari huo uliwakata Wakuria vipande viwili, wengine wakawa wa Kenya na wengine wa Tanganyika. Kata ya Susuni ni mojawapo ya kata za upande huu wa kusini. Mtu aliyezaliwa huko hahitaji kufundishwa maana ya ulinzi, kwani ng'ombe walilindwa, mipaka ya koo ililindwa, na milango ya maboma ilifungwa jioni kwa miti na miiba.

Ng'ambo ya mpaka huo, katika Migori, zimesimama kuta za Thimlich Ohinga, zilizojengwa kwa mawe matupu bila ya chokaa wala udongo, nazo zapita kimo cha mtu mzima. Wachunguzi hukadiria ya kuwa zilianza kujengwa katika karne ya 16, na mwaka 1018 baada ya Hijra au kabla yake, msafiri apitaye angaliziona karibu kama tuzionavyo leo. Mwaka 2018 ziliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia. Adui wa zamani hizo alikuja kwa miguu, naye alizuiwa kwa jiwe. Adui amekwisha, jiwe limebaki, na mwenye kuuliza habari zake aweza kuligusa kwa mkono.

Katika karne ya 20 alitokea adui wa namna nyingine, ajaye kwa njia ya hewa, ambaye ukuta haumzuii. Watu wa Afrika ya Mashariki walilindwa naye mara kadhaa: katika Vita Kuu ya Kwanza, katika Vita Kuu ya Pili, na tena katika vita baina ya Tanzania na Uganda, mwaka 1978 na 1979. Vituo vilivyofanya kazi hiyo ni vya jana tu tukivilinganisha na Thimlich Ohinga, lakini vingi havionekani tena. Makala haya yakusudia kueleza kwa nini vimetoweka upesi hivyo, vimeacha alama gani katika ardhi, na vimeacha nini katika lugha ya Kiswahili.

I. Maneno yaliyotangulia vitu

Yafaa kuanza na maneno, maana mara nyingi neno hukaa mahali ambapo kitu kimekwisha ondoka.

Ndege za kwanza za vita katika nchi zetu zilikuja kuitafuta manowari ya Wajerumani, Königsberg, iliyojificha katika mikono ya mto Rufiji tangu mwisho wa mwaka 1914. Waingereza walizirusha kutoka visiwa vya karibu, kwanza Nyororo na baadaye Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 rubani Cull na mwenziwe Arnold walizunguka juu ya mikoko wakiwaelekeza wapiga mizinga wa manowari mbili ndogo, Severn na Mersey. Ndege yao ilipigwa na mizinga ya Wajerumani ikaanguka majini, lakini hata katika kuanguka waliendelea kupeleka habari ya shabaha, na siku hiyo Königsberg ikaangamia. Hapo ndipo ilipoonekana kwa mara ya kwanza katika pwani yetu jambo ambalo lingerudi mara nyingi: watu wa chini wenye mizinga wakijaribu kuishusha ndege iliyo juu.

Waswahili hawakukosa maneno ya kulisemea jambo hilo. Chombo chenyewe kiliitwa ndege, na pengine ndege Ulaya, ili kisichanganywe na ndege wa mbawa. Mzinga ulikuwapo zamani, nao ni gogo lililochimbwa ndani, la kufugia nyuki. Umbo lake liliwapa watu jina la silaha, na silaha ikayapa mahali majina, kama Mizingani ya Unguja. Handaki lilitoka katika Kiarabu, khandaq, neno ambalo kila aliyesoma chuoni alilijua katika habari za vita vya Madina. Manowari lilitoka katika Kiingereza cha mabaharia. Askari wa jeshi la King's African Rifles waliitwa Keya, kwa herufi tatu za jina la jeshi lao, na Wakuria wengi waliingia katika jeshi hilo.

Lakini neno linalostahili kuangaliwa zaidi ni kutungua. Asili yake ni katika jozi ya maneno: kutungika ni kukiweka kitu juu, na kutungua ni kukishusha kilichotungikwa. Mtu hutungua kikapu kilichoning'inia darini, au tunda lililo juu ya tawi. Jeshi la Tanzania lilipohitaji jina la mizinga ya kupigia ndege, lugha ilikuwa nalo tayari: mizinga ya kutungulia ndege. Halikutungwa na kamati, wala halikufasiriwa kutoka lugha ya kigeni. Mwenye kulisema huiona ndege kama kitu kilichotungikwa hewani ambacho mtu aliye chini anakishusha. Katika jina la Kiingereza ulinzi huo ni kuwa kinyume cha ndege. Katika la Kiswahili ni kazi ya mkono.

Kwa upande mwingine, kilikuwako kitu kimoja ambacho lugha haikuwa na jina lake, nacho ndicho kiini cha sehemu ifuatayo.

II. Mambrui, 1940

Italia iliingia vitani tarehe 10 Juni 1940. Majeshi yake yalikuwa Ethiopia na Somalia, na ndege zake ziliweza kufika Kenya. Wajir ilipigwa mabomu katika siku za kwanza kabisa, na mwezi wa Oktoba mwaka huo mabomu yakaanguka Malindi. Kutoka Kismayu hadi Malindi ni kiasi cha kilomita 400 kwa njia ya hewa, na nyuma ya Malindi ilikuwako Mombasa na bandari yake ya Kilindini, ambayo kwayo majeshi na vyakula vyote vya vita hivyo vilipita. Waliopewa kazi ya kuilinda anga ya pwani walikuwa zaidi askari wa Afrika ya Kusini, wenye ndege na mizinga.

Shida yao haikuwa uchache wa mizinga tu. Mzinga wa kutungulia ndege haufai kitu ikiwa wapigaji hawakuambiwa mapema. Nayo ndege ya vita, ikienda kilomita 300 kwa saa, humaliza kilomita 5 kwa dakika moja. Mlinzi mwenye macho mazuri, siku ya mwanga, aweza kuwapa wenzake dakika chache, na siku ya mawingu hawapi hata moja.

Dawa ya shida hii ilitoka mahali pasipotazamiwa. Basil Schonland alikuwa mchunguzi wa radi, mkurugenzi wa taasisi ya Bernard Price katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Mwishoni mwa mwaka 1939 Ernest Marsden, mtaalamu wa New Zealand, alikuwa akirejea kwao kutoka Uingereza hali amechukua karatasi za siri kubwa ya Waingereza: jinsi ya kugundua ndege kwa mawimbi ya redio. Schonland alipanda merikebu yake Cape Town, akasafiri naye hadi Durban, na njiani akasoma na kunakili alivyoweza. Kisha yeye na wenzake wakaunda mtambo wao kwa vyombo walivyoweza kupata madukani na kwa wapenzi wa redio, na tarehe 16 Desemba 1939 wakapata mwangwi wao wa kwanza, uliorudishwa na mnara wa maji wa Northcliff. Mtambo uliofuata waliuita JB, kwa kifupi cha jina la mji wao.

Katikati ya mwaka 1940 mtambo huo, JB-1, ulichukuliwa hadi pwani ya Kenya, ukasimamishwa Mambrui, kaskazini ya Malindi, ng'ambo ya mto Sabaki. Ulikuwa miongoni mwa mitambo ya kwanza ya namna hiyo kufanya kazi ya vita katika bara la Afrika, na uliweza kuzifuata ndege za Waitalia hata umbali wa kilomita 120.

Kazi yake yaelezeka kwa mfano wa mtu apigaye ukelele mbele ya jabali. Akijua mwendo wa sauti, na akihesabu muda kabla ya mwangwi kurudi, ataujua umbali wa jabali. Mtambo ulipiga ukelele wa redio, mfupi sana, kisha ukanyamaza na kusikiliza. Mawimbi ya redio huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Yakifika kwenye ndege iliyo umbali wa kilomita 120 na kurudi, hayatumii hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Muda huo mdogo ulionekana katika kioo kama kijino kilichosimama juu ya mstari wa nuru, na mahali pa kijino palionyesha umbali. Upande ilikotoka ndege ulijulikana kwa kuzungusha waya za kupokelea, kazi iliyofanywa kwa mkono.

Faida yake yaweza kuhesabiwa. Kutoka Mambrui hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 100 kwa hewa. Ndege iliyoonekana kilomita 120 upande wa kaskazini ya Mambrui, ikiwa inaelekea Mombasa kwa mwendo wa kilomita 300 kwa saa, ilikuwa bado na safari ya dakika 44 hivi. Katika dakika hizo simu yaweza kupigwa, taa kuzimwa, wapagazi kuondoka gatini, na marubani wa kulinda kupanda juu. Basi mahali penyewe palichaguliwa kwa akili: pako pwani, mbele yake hakuna mlima wa kurudisha mwangwi wa uongo, na njia ya adui yapita juu ya bahari tupu.

Jambo moja mtambo haukuweza kulisema. Kijino cha nuru kilitaja umbali na upande, lakini hakikutaja ndege ni ya nani, maana mwangwi hauna bendera. Msomaji alikumbuke neno hili, kwa kuwa tutalirudia tutakapofika Kanda ya Ziwa.

III. Kwa nini hakuna kilichobaki

Mambrui ni mji wa kale. Lipo huko kaburi lenye mnara lililopambwa kwa bakuli za China, na mwaka 2010 wachimbaji wa Kenya na wa China waligundua katika ardhi yake sarafu ya zamani za mfalme Yongle, wa mwanzo wa karne ya 15. Si mbali nao, kusini ya Malindi, ni magofu ya Gedi, aliyoyachimba James Kirkman tangu mwaka 1948. Pwani hii ardhi yake hukumbuka: kigae cha miaka 600 chapatikana, na ukuta wa matumbawe haukubali kufa. Lakini mtambo wa 1940, uliokuwa chombo cha akili kubwa kuliko vyote vilivyopata kusimamishwa hapo hadi siku ile, haukujenga jina kama la Gedi, wala haukuacha gofu la kwenda kutazamwa.

Sababu ya kwanza ni namna ya chombo chenyewe. Kiliundwa kihamishike. Mlingoti, waya, mashine ya umeme, na kibanda au hema ya kuwafunika watazamaji: vyote hivi vyachukulika kwa gari, na Waitalia walipoondolewa hapakuwa na haja ya kuviacha. Kismayu ilitwaliwa tarehe 14 Februari 1941, Mogadishu tarehe 25 ya mwezi huo huo, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Adui alirudi nyuma kwa miezi miwili zaidi ya kilomita elfu, na ulinzi wa anga wa Malindi ukawa jambo lililopita.

Ulinganifu na Uingereza wafaa hapa. Katika pwani ya Kent, mahali paitwapo Denge, vimesimama vioo vitatu vya saruji vilivyojengwa baina ya 1928 na 1930, kimoja chao ukuta uliopinda wenye urefu wa futi 200. Havikuakisi nuru, viliakisi sauti: mtu alisimama mbele yake akisikiliza ngurumo ya ndege iliyo mbali. Siku ya utulivu vilisikia ndege iliyo umbali wa maili 20 hivi, na siku ya upepo au ya kelele havikusikia kitu. Redio ilipojaribiwa kwa mafanikio mwaka 1935, vioo hivyo vikawa havina kazi tena; lakini kwa kuwa ni saruji hakuna aliyesumbuka kuvibomoa, na leo watu huenda kuvipiga picha. Kwa hiyo kilichoshindwa kimebaki, na kilichofaulu kimefungwa katika makasha na kupelekwa mahali pengine. Mwanahistoria asomaye ardhi peke yake angedhani ya kuwa vita vya anga vilipiganwa kwa masikio.

Sababu ya pili ni siri, nayo ni nzito zaidi kwa wasomaji wa lugha. Masimulizi ya wazee hushika majina. Mahali pakiitwa Mizingani, mtoto huuliza mizinga ipi, na babu hupata nafasi ya kujibu. Sasa, kitu kilichosimamishwa Mambrui hakikuwa na jina la kutajwa. Waingereza walikiita kwa herufi tatu zilizokusudiwa kuficha kazi yake. Jina la rada lilitungwa katika jeshi la bahari la Marekani mwaka ule ule wa 1940, na halikuenea ila baadaye. Mvuvi wa Mambrui aliyepita akaona waya zikizungushwa hakuambiwa na mtu ni kitu gani, na kama angeuliza, asingejibiwa. Aliona milingoti na askari, basi. Waya na milingoti vilikuwa vingi katika vita, na askari pia. Ikiwa leo hatusikii masimulizi ya kituo hicho, tusilaumu kumbukumbu za watu. Hawakupewa neno la kufungia habari.

IV. Ngomeni na Kilindini

Kaskazini kidogo ya Mambrui ni rasi ya Ngomeni. Jina lake lasema waziwazi: palikuwa na ngome. Katika mwaka 1967 jina hilo la kale lilipata jirani wa ajabu. Waitalia, waliokuwa maadui wa pwani hii mwaka 1940, walirudi wakiwa wataalamu, chini ya uongozi wa Luigi Broglio. Wakasimamisha majini mbele ya Ngomeni majukwaa mawili ya chuma, San Marco na Santa Rita, na kutoka hapo wakarusha satelaiti kwa makombora ya Marekani. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, ilirushwa satelaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miali ya eksirei itokayo nyotani, ikapewa jina la Kiswahili, Uhuru. Urushaji uliendelea hadi 1988.

Hivyo katika kipande kifupi cha pwani, kisichozidi mwendo wa nusu siku kwa miguu, Waafrika ya Kusini waliitazama anga wakiwatafuta Waitalia, na miaka 27 baadaye Waitalia wenyewe wakaitazama anga hiyo hiyo wakizitafuta nyota. Sababu ya mahali ilikuwa karibu moja mara zote mbili: bahari tupu upande wa mashariki. Jina la Uhuru limeandikwa katika vitabu vya elimu ya nyota vya dunia nzima. La Mambrui halijulikani ila kwa wachache wachunguzao historia ya rada.

Kilindini nayo ina habari yake. Jina lake latokana na kilindi, maji ya kina, na kina hicho ndicho kilichowaleta Waingereza na manowari zao kubwa. Tarehe 5 Aprili 1942, siku ya Pasaka, ndege za Wajapani zilizobebwa na merikebu ziliipiga Colombo, na tarehe 9 zikaipiga Trincomalee. Jenerali wa bahari Somerville aliona hawezi kuziacha manowari zake za zamani katika maji ya Ceylon, akazipeleka Kilindini. Pamoja nazo walikuja wasomaji wa simu za siri za Wajapani, wakakaa katika shule ya Allidina Visram, Mombasa, hata mwezi wa Septemba 1943 waliporejea Colombo. Shule ipo hadi leo na wanafunzi wamo. Hapa tunaona namna nyingine ya kutoweka: jengo limebaki, lakini vita vimetoka ndani yake, na ukuta hausemi. Apitaye barabarani huona shule tu, naye hakukosea.

V. Kanda ya Ziwa, 1972 hadi 1979

Turudi sasa katika ujirani wa Mara. Ziwa Viktoria ni kama bahari kwa mambo ya anga, kwa kuwa ni uwanja mtupu usio na watazamaji, na ndege itokayo Entebbe aweza kulivuka hadi Mwanza bila ya kupita juu ya kijiji. Septemba 1972, baada ya wapinzani wa Idi Amin kuingia Uganda kutoka Tanzania, ndege za Uganda zilipiga mabomu Bukoba na Mwanza. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalivuka mpaka, na tarehe 1 Novemba akatangaza ya kuwa nchi ya kaskazini ya mto Kagera ni yake. Siku mbili baadaye daraja la Kyaka likavunjwa.

Katika siku hizo za kwanza za vita lilitokea jambo la kuhuzunisha, ambalo historia ya ulinzi wa anga haiwezi kulificha. Ndege tatu za vita za Tanzania zilitunguliwa na watunguaji wa Tanzania wenyewe. Wapigaji walifanya kama walivyofundishwa: walisikia jeti, wakaona umbo lipitalo kwa nukta chache, na katika saa hizo kila mtu alikuwa akimtazamia Amin. Uganda na Tanzania zote zilikuwa na ndege za MiG, zilizofanana kwa umbo na kwa ngurumo. Ni lile lile la Mambrui: kinachokuja hewani hakitaji jina lake, na ulinzi wote wa anga, uwe wa mlingoti wa 1940 au wa mzinga wa 1978, husimama juu ya swali moja, ni nani huyu? Jibu lake halitoki katika chuma, hutoka katika mpango wa watu, katika simu iliyopigwa kwa wakati na kituo kilichoarifiwa. Marubani wale walikufa kwa kukosa neno.

Tarehe 29 Machi 1979 ndege ya Libya ya namna ya Tupolev, iliyotumwa kumsaidia Amin, ilivuka ziwa ili kuipiga Mwanza. Ilikosa mji, na mabomu yakaanguka katika hifadhi ya wanyama. Swala kadhaa waliuawa. Tanzania ilijibu kwa kupiga miji ya Uganda. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili.

Je, vita hivi vimeacha nini juu ya ardhi? Huko Kagera yako mengi: makaburi ya mashujaa ya Kaboya, daraja lililojengwa upya, kanisa la Kyaka lililobomolewa. Lakini ya ulinzi wa anga ni machache mno. Mizinga ilikuwa ya kukokotwa na gari. Makombora mengine yalirushwa kutoka begani mwa askari mmoja, na kituo cha silaha ya namna hiyo ni mahali pa kusimamia nyayo mbili. Kutoka ukuta wa Thimlich Ohinga hadi bega la mtu, hiyo ndiyo safari ya ngome katika miaka 400, na kila hatua yake imeiachia ardhi alama ndogo kuliko hatua iliyotangulia.

VI. Jinsi ya kutafuta

Haifuati kwamba hakuna la kutafuta. Tangu miaka ya 1920 O. G. S. Crawford aliwaonyesha wachunguzi wa Uingereza ya kuwa ardhi iliyopata kuchimbwa haisahau. Shimo likifukiwa, udongo wake huwa laini kuliko wa kando na hushika maji zaidi, na nyasi ziotazo juu yake huwa ndefu na kubaki kijani zaidi wakati wa kiangazi. Penye sakafu ya saruji iliyofunikwa, nyasi hunyauka mapema. Atazamaye kutoka juu asubuhi au jioni, jua likiwa chini, aweza kuona duara au mstari usioonekana na mtu apitaye juu yake. Ni jambo la kufaa kutafakari, ya kuwa ndege, iliyosababisha vituo hivi kujengwa, ndiyo chombo bora cha kuvifichua.

Mzinga wa kutungulia ndege sharti uzunguke pande zote, kwa hiyo shimo lake ni la duara au la pembe nyingi, lenye tuta kando, na mara nyingi mashimo hukaa matatu au manne pamoja kwa vipimo sawa. Handaki la watu huenda kwa kupindapinda ili mshindo wa bomu usipite moja kwa moja. Mwenye kujua maumbo haya hatalichanganya duara la mzinga na zizi la ng'ombe, ingawa katika nchi ya wafugaji kama Tarime hatari ya kosa hilo ni kubwa, na sharti aulize wenyeji kabla ya kuandika.

Kuuliza wenyeji ndiyo njia ya pili, na kwa taasisi ya lugha ndiyo ya kwanza. Hapa maneno ni vyombo vya uchunguzi sawa na jembe. Mchunguzi akienda na neno rada, atajibiwa hapana. Akiuliza habari za milingoti, za waya, za askari waliokataza watu kupita, za mahali ambapo watoto waliokota maganda ya risasi ya shaba, huenda akajibiwa mengi. Vijina vya mahali vidogo, ambavyo havimo katika ramani yoyote, kama Kambini, Mizingani, Penye Handaki, viandikwe kwanza, kisha maana zake ziulizwe, wala si kinyume chake.

Wakati wenyewe haungoji. Mtoto aliyekuwa na miaka kumi Mambrui mwaka 1940 sasa angekuwa amekaribia miaka mia, au ameipita. Kwa kituo kile tumechelewa, na tutabaki na maandishi ya wageni waliokiendesha, ambao hawakumtaja mvuvi wala mpagazi. Lakini kijana wa Tarime, wa Musoma au wa Bukoba aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1979 bado hajafika miaka sabini au ameipita kidogo tu. Huenda amekaa barazani hivi sasa. Yeye ajua walivyoliita kombora la begani walipokuwa peke yao, ishara gani waliitumia kumjulisha mwenzao ya kuwa ndege ijayo ni yao, na usiku ule walilala katika shimo la umbo gani. Maneno hayo hayamo katika kamusi yoyote. Aandikwe yeye kwanza, naye akiwa na nguvu, aombwe kuwaonyesha wachunguzi mahali alipokuwa amesimama.